Hodi Mlangoni pa Seli



Katika koo zetu kuna sentensi inayosemwa kwa sauti ya chini, hasa msibani: "Hiyo iko kwenye damu yao." Husemwa juu ya ulevi, juu ya hasira, juu ya ndoa zinazovunjika, na siku hizi juu ya saratani. Zamani sentensi hiyo ilisimama yenyewe. Sasa imepata msaidizi mwenye koti jeupe, nalo ni neno "jeni". Mtu akisikia redioni kwamba wanasayansi wamegundua jeni ya ugonjwa fulani, anatikisa kichwa na kusema, mnaona, si tulisema, imeandikwa humo. Basi anayeamini laana ya ukoo na anayeamini jeni wanajikuta wameketi benchi moja, wakikubaliana kwamba hukumu ya mtu huyu ilitoka kabla hajazaliwa.

Mimi nasoma falsafa, mwaka wa pili. Kabla ya kuingia seminari kuu nilisoma mchepuo wa PCB kidato cha tano na sita, kisha nikafundisha baiolojia kwa kujitolea katika sekondari moja ya kata. Hata hivyo nisingeandika juu ya jambo hili kama si mama yangu mdogo. Mwaka jana aligundulika kuwa na saratani ya titi. Bibi yetu naye alikufa na uvimbe kifuani, miaka ambayo hakuna aliyempima. Katika jumuiya ya mama mdogo wakaunganisha mambo hayo mawili, wakampa jibu: ni laana inayowafuata wanawake wa ukoo huo. Alikuwa amekwisha kuanza dawa hospitalini, akafikia kutaka kuziacha ili aende kwenye maombi ya siku saba ya kuvunja laana. Nitafika huko. Kwanza naomba tuingie ndani ya seli, maana huko ndiko neno "imeandikwa" linakopimwa.

Karibu kila seli ya mwili wako imebeba kitabu kilekile. (Seli nyekundu za damu zimetupa kiini chao, hazina kitabu.) Kitabu hicho, DNA, kina herufi zipatazo bilioni tatu, na ndani yake kuna jeni kama 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Seli ya ini inacho chote. Seli ya ubongo inacho chote. Hata seli ya ngozi ya kisigino ina ukurasa unaoeleza jinsi ya kutengeneza insulini, ila haijawahi kuufungua na haitaufungua. Ukurasa ukihitajika, seli huutoa nakala, nayo nakala hiyo ndiyo inayopelekwa nje ya kiini ili protini itengenezwe. Kazi hiyo ya kunakili ndiyo kiini cha habari yote. Jeni isiyonakiliwa ipo, lakini iko kimya kama Biblia iliyofungiwa kabatini.

Sasa nani huamua ukurasa upi unakiliwe, na lini? Sehemu kubwa ya jibu ilianzia chumbani kwa mwanamke mmoja aliyefukuzwa kazi.

Rita Levi-Montalcini alizaliwa Turin, Italia, mwaka 1909, katika familia ya Kiyahudi. Alimaliza udaktari mwaka 1936. Miaka miwili baadaye serikali ya Mussolini ikatoa sheria za ubaguzi wa rangi, na Wayahudi wakatolewa vyuoni. Hakuwa na maabara, hakuwa na mshahara. Akageuza chumba chake cha kulala kuwa maabara, akanoa sindano za kushonea ziwe visu vidogo vya kupasulia, akaanza kuchunguza neva za vifaranga ambavyo bado vimo ndani ya mayai. Mabomu yalipozidi Turin familia ikahamia kijijini, naye akahama na maabara yake; mayai akayapata kwa wakulima, na yaliyosalia baada ya utafiti yakaliwa nyumbani. Wajerumani walipoingia Italia mwaka 1943, familia ikajificha Florence hadi vita ilipopita.

Alichokuwa akikitafuta ni hiki: neva zinajuaje pa kwenda na kiasi gani cha kukua? Mwaka 1947 alikwenda St. Louis, Marekani, kufanya kazi na Viktor Hamburger. Huko wakaona kwamba uvimbe fulani wa panya ukipandikizwa kwenye kifaranga, neva za kifaranga humea kuuelekea kwa wingi wa ajabu. Mwaka 1952 Rita akapanda ndege kwenda Rio de Janeiro akiwa amebeba panya wawili wenye uvimbe, kwa sababu huko kulikuwa na rafiki aliyejua kukuza seli kwenye kioo. Akaweka kipande cha uvimbe karibu na fundo la neva, bila kugusana. Neva zikachipua pande zote kama miale ya jua. Hapakuwa na mguso wowote, kwa hiyo uvimbe ulikuwa unatoa kitu, na kitu hicho kilikuwa kikiziambia neva: kueni.

Mwaka uliofuata alijiunga naye mkemia Stanley Cohen. Sehemu hii hunifurahisha kila nikiisoma. Cohen alitaka kujua kama kitu hicho ni protini au ni asidi ya kiini, akatumia sumu ya nyoka kwa sababu ina kimeng'enya kinachovunja asidi hizo. Badala ya kukiharibu, sumu ikaongeza nguvu ya ukuaji kupita kiasi: sumu yenyewe ilikuwa imejaa kitu kilekile. Akajiuliza, tezi ya sumu ya nyoka inafanana na nini kwa mnyama? Ni tezi ya mate. Akaitafuta kwenye tezi za mate za panya dume, akaipata tele. Na alipowachoma vitoto vya panya maji ya tezi hizo akaona jambo jingine, kwamba macho yao yalifunguka siku ya saba hivi, wakati kwa kawaida hufunguka baina ya siku ya 12 na ya 14. Mwingine angeliandika pembeni ya daftari na kuendelea na neva. Cohen akalifuata, akapata kichochezi cha pili, kinachoamsha seli za ngozi na utando. Mwaka 1986 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Rita aliishi hadi mwaka 2012, akiwa na miaka 103, na alikuwa mjumbe wa Akademia ya Kipapa ya Sayansi, ambayo haimuulizi mtu dini yake, humuuliza kazi yake.

Vitu hivyo huitwa vichochezi vya ukuaji. Ni protini ndogo zinazotolewa na seli moja na kupokelewa na nyingine. Kinachonishangaza ni kwamba kwa kawaida havihitaji kufika kwenye DNA. Vinaishia mlangoni.

Mswahili ataelewa mara moja. Mgeni mwenye adabu hasukumi mlango. Anasimama nje, anapiga hodi. Kwenye utando wa seli kuna protini zilizochomoza, nusu nje na nusu ndani, zinazoitwa vipokezi. Kichochezi kikishika sehemu ya nje, vipokezi viwili husogeleana na kushikana, na mikia yao iliyo ndani hupigana muhuri wa fosfeti. Muhuri huo ndiyo "karibu". Protini za ndani huja kuushika, nazo huiamsha protini moja ndogo iitwayo Ras, ambayo hukaa upande wa ndani wa utando kama mtoto aliyetumwa kusikiliza nani amekuja. Ras humwamsha Raf, Raf humwamsha MEK, MEK humwamsha ERK. Majina hayana utamu, nakubali. Lakini angalia kinachotokea: mgeni bado yuko nje, ujumbe wake umeshapita mikono minne au mitano, na kila mkono unaweza kuukuza au kuuzima. ERK ndiye anayeingia chumba cha ndani, kwenye kiini. Humo anazikuta protini ambazo tayari zimekaa juu ya DNA, kando ya kurasa fulani, zikingoja. Anazipiga muhuri. Mashine ya kunakili inashuka, na ukurasa unaanza kusomwa.

Hili lilionekana waziwazi mwaka 1984, Michael Greenberg na Edward Ziff walipochukua seli za panya zilizokuwa zimetulia na kuzipa vichochezi vya ukuaji. Ndani ya dakika chache tu jeni iitwayo c-fos ikaanza kunakiliwa. Muda mfupi baadaye ikanyamaza tena. Ukurasa uliokuwepo siku zote, kimya, ukasomwa kwa sababu mtu alipiga hodi, ukafungwa kazi ilipokwisha. Na protini inayotokana na ukurasa huo hurudi kwenye kiini kufungua kurasa nyingine.

Nilipowasimulia wenzangu wa darasa habari hii, mmoja alinipinga kwa nguvu. "Hakuna mwito hapo," alisema. "Ni kemia. Kipokezi hakisikii na seli haijibu. Ukianza kusema seli inaitwa na kuitikia, kesho utatuletea Kupashwa Habari Maria ndani ya kiini." Hoja yake ni nzuri na nimeikubali nusu. Seli haina hiari, na mtu anayegeuza kila kitu cha maabara kuwa mahubiri huishia kuharibu vyote viwili. Nusu nisiyoikubali ni pale aliposema kwamba basi seli ni mashine ya kubonyeza: unabonyeza hiki, kinatokea kile.

Chukua seli ziitwazo PC12. Zilitolewa kwenye uvimbe wa tezi ya panya, na maabara nyingi duniani huzikuza tangu mwaka 1976. Ukizipa kichochezi cha ngozi, kile cha Cohen, zinagawanyika na kuongezeka. Ukizipa kichochezi cha neva, kile cha Rita, zinaacha kugawanyika, zinatoa mikono mirefu na kuwa kama seli za neva. Ni hatima mbili tofauti kabisa. Sasa shangaa: ujumbe wote miwili hupita njia ileile, Ras, Raf, MEK, ERK. Tofauti kubwa iliyopatikana ni ya muda. Kichochezi cha kwanza huwasha ERK kwa dakika chache kisha anazimika. Cha pili humwacha ameamka kwa saa kadhaa. Seli hupima hodi imedumu kiasi gani, na kwa kadiri hiyo hufungua kurasa tofauti.

Na ukikichukua kichochezi kilekile ukakipeleka kwa seli ya aina nyingine, matokeo hubadilika, kwa sababu seli hiyo imeshafunga kurasa nyingine na kuacha wazi nyingine. Mtakatifu Tomaso wa Akwino hurudia mara nyingi wazo kwamba kitu hupokewa kwa namna ya yule anayekipokea. Wakati wa kulisoma darasani nililiona kama kanuni kavu. Kwenye PC12 nililiona linafanya kazi. Aristotle naye, anapotenganisha kilicho katika uwezo na kilicho katika utendaji, anatupa lugha ambayo sentensi ya msibani haina. Kilichoandikwa kwenye DNA kiko katika uwezo. Hakijitoi chenyewe kwenye utendaji. Kinahitaji kingine, nacho hicho kingine kinatoka kwa jirani, kwenye chakula, kwenye jeraha, kwenye umri, kwenye mwili mzima. Hakuna seli inayoishi kwa kitabu chake peke yake.

Sasa nirudi kwa mama mdogo.

Kama uzima ni mlango unaoitikia hodi, basi aina nyingi za saratani ni mlango unaosema "karibu" wakati nje hakuna mtu. Mwaka 1982 watafiti waligundua kwamba kwenye seli za saratani ya kibofu, jeni ya Ras ilikuwa imebadilika herufi moja. Moja, kati ya bilioni tatu. Kwa herufi hiyo Ras akapoteza uwezo wa kujizima. Alikuwa akitangaza mgeni mchana na usiku, na kiini kikaendelea kufungua kurasa za ukuaji.

Saratani ya mama mdogo ni ya mlango mwingine. Vipimo vilionyesha ni ile iitwayo HER2, ambayo huwapata kama wanawake 15 hadi 20 katika kila 100 wenye saratani ya titi. HER2 ni kipokezi cha ajabu kidogo: hakijulikani kuwa na mgeni wake mwenyewe. Kazi yake ni kushikana na vipokezi wenzake pale wao wanapopata mgeni. Seli ya kawaida ina nakala mbili za jeni yake. Kwenye saratani ya aina hii nakala zimeongezeka mno, vipokezi vinajazana kwenye utando, vinashikana vyenyewe kwa vyenyewe, na mlango unaitikia muda wote.

Nililolisisitiza kwake ni hili: kuongezeka huko kwa kawaida hakurithiwi. Hutokea ndani ya seli za titi lenyewe, mtu akiwa ameshakua. Hakumo katika damu aliyopewa na bibi.

Nilimtembelea likizo ya mwezi wa sita. Tulikaa uani, yeye akichambua mchele. Akaniambia, "Frateri, leo nijibu kama mwanangu, usinijibu kama padre. Nani ameniandikia hii?"

Nikamwambia habari ya hodi, bila majina ya Raf na MEK. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua.

"Kwa hiyo mlango wangu unaitikia wenyewe."

"Ndiyo, mama."

"Na mama yangu hakunifungulia."

"Hapana. Bibi hakukufungulia."

Akanyamaza kitambo. Nikamkumbusha Injili ya Yohane sura ya tisa, wanafunzi wanapouliza juu ya yule kipofu kama ni yeye aliyetenda dhambi au wazazi wake, na Yesu anakataa yote mawili. Akasema anaijua, imesomwa Kwaresima, lakini kwenye jumuiya hakuna aliyeikumbuka siku ile. Kisha akauliza dawa anayodungwa inafanya nini hasa. Dawa hiyo, trastuzumabu, ni kingamwili iliyotengenezwa maabara. Inakwenda kukaa juu ya HER2 upande wa nje, inazuia vipokezi visishikane ovyo, na inaziita askari wa mwili waione seli hiyo. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwake ni kila baada ya wiki tatu, kwa mwaka mzima. Nikamwambia: ni kama mlinzi aliyeketi kizingitini.

"Basi mlinzi huyo asije akalala," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Wiki tatu zikipita bila mimi kwenda, ndiyo analala?"

Nikasema ndiyo, kwa namna hiyo.

Sikumkataza maombi. Ningemkatazaje? Nilimwomba tu asiyaweke siku ya kliniki, na asikubali jina la mama yake litajwe humo kama la adui. Hili la pili lilimgusa kuliko lile la kwanza, kwa sababu tangu apewe habari ya laana alikuwa ameacha kumwombea bibi Misa ya Novemba.

Binti yake, mwenye miaka 19, alikuwa akisikiliza kutoka jikoni. Alikuja na swali gumu zaidi: "Kaka, umesema kwa kawaida hairithiwi. Kwa kawaida. Na mimi je?" Sikutaka kumpa faraja ya bei rahisi. Kati ya wagonjwa 100 wa saratani ya titi, kama watano hadi kumi wana badiliko walilorithi kweli, mara nyingi kwenye jeni ziitwazo BRCA1 na BRCA2. Hata hao hawakurithi ugonjwa. Wamerithi udhaifu kwenye sehemu inayorekebisha herufi zilizoharibika, na wengine wao hawaugui kamwe. Kwa hiyo habari ya bibi ina maana, lakini mahali pake ni kwenye faili la daktari. Nikamshauri amweleze daktari wa mama yake yote tunayoyajua: bibi alikuwa na umri gani, uvimbe ulikuwa upande gani, dada zake walikufa na nini. Akachukua daftari. Ilituchukua alasiri nzima, maana ilibidi kumpigia simu mjomba, naye akampigia shangazi yake bibi ambaye bado yu hai, na yule bikizee akatutajia wanawake watatu ambao hata majina yao hatukuwahi kuyasikia.

Mama mdogo amekwisha kudungwa mara tisa. Ya kumi ni Jumatatu ijayo. Wawili wa jumuiya wamejitolea kumsindikiza hospitali, na mmoja wao ndiye aliyeleta ile habari ya laana.